Mkeka wa Watu wa Dharura

"...mkeka mzima, Bibi, huu wa mlangoni, tuwaachie watu wa dharura peke yao!"

Shamimu aliyasema hayo na mwiko mkononi, punje za pilau zikamrukia Bibi Zamda begani. Bibi hakugeuka. Alikuwa ameinamia sufuria kubwa iliyopaliwa moto juu, anasikiliza wali unavyonong'ona ndani, maana yeye pilau haionji, huisikiliza.

"Dharura gani?" akauliza.

"Zimamoto. Dereva wa gari la wagonjwa. Nesi wa zamu. Akifika mmoja wao akae kwanza, anawe kwanza, apakuliwe kwanza. Chuoni tulifundishwa, Bibi. Inaitwa huduma kwa jamii."

"Na sisi hapa siku zote tulikuwa tunahudumia nani, mbuzi?"

Jibu Shamimu alilijua tangu anatambaa. Hoteli ya Bibi Zamda, hapa Mtendeni, haina kiti wala sahani ya mtu mmoja. Ina mikeka na masinia. Wanakaa wanne wanne, wanaume mkeka wao na wanawake wao, wa kwanza kufika ndio wa kwanza kunawa, na sinia halitoki jikoni mpaka wanne watimie. Bibi anasema ndivyo alivyokuta, na aliyemwachia naye ndivyo alivyokuta, rudi nyuma mpaka kwa yule mama wa ukoo aliyewapikia wapagazi, enzi misafara inapita hapa na pembe na vitambaa. Tajiri mwenye bunduki na mpagazi mwenye sugu begani walikaa mkeka mmoja. Aliyetangulia kutua mzigo ndiye aliyetangulia kula, basi. Kwa hiyo hata leo bwana mkubwa akija peke yake na gari lake la kiyoyozi, atangoja wapatikane watatu wa kula naye, apende asipende.

Na nyama hurundikwa katikati ya sinia. Mnaanza na wali wa pembeni, kila mtu upande wake, mnasogea polepole mpaka mnaifikia. Hapo mkubwa wenu ndiye anayeigawa. Ukiidokoa kabla ya hapo, umejivunjia heshima, na watu watakukumbusha mpaka siku ya harusi yako.

Sasa hapo kwenye nyama ndipo roho ya Shamimu iliponasa.

Kulikuwa na askari mmoja wa zimamoto, jina lake Nurdini. Alikuja mara ya kwanza kiangazi hiki, wakati pori linaungua huku na huku na upepo unaleta majivu mpaka mjini, mepesi kama manyoya ya kifaranga. Alikuwa na majivu kwenye kope. Shamimu alimmiminia maji ya kunawa, maji yakaanguka safi yakatoka meusi, na yeye akasahau kuinua birika mpaka bakuli likafurika, mguu wa afande ukalowa. Tangu siku hiyo Nurdini anakuja kila Ijumaa akiwa zamu, na hajawahi kuifikia nyama. Wali ukiwa nusu, simu inalia. Mizinga ya nyuki ya watu imeshika moto porini, jiko la mtu limelipuka, ndama katumbukia kisimani. Anainuka, anaomba radhi, anakwenda, na wenzake wa sinia wanagawana fungu lake kwa masikitiko makubwa na kwa haraka kubwa zaidi.

Siku moja, mikono yake ikiwa chini ya birika, akasema taratibu, "Siku nitakayoifikia nyama, Shamimu, nina neno lako."

"Si uliseme sasa?"

"Neno zito halisemwi na mtu mwenye njaa."

Basi tangu hapo Shamimu hakai duniani sawasawa. Ukimtuma chumvi analeta kiberiti. Mchana jua likisimama, mtaa ukiwa mweupe kwa mwanga na hata kuku wamenyamaza, anaegemea mwimo wa mlango na macho yake yanakwenda mbali. Anauona msafara unaingia Mtendeni, mrefu hauna mwisho, miguu haigusi vumbi. Wapagazi wanapita na mizigo kichwani bila sauti, jasho linang'aa kama asali, na kila mmoja akifika mlangoni anamtazama yeye, anainamisha kichwa, anapita. Halafu katikati yao anatokea mtu amevaa kofia ngumu ya zimamoto, naye kabeba kitu kidogo sana kiganjani, amekifunika kwa mkono mwingine kisizimike. Anafika. Anafungua mkono. Na kila mara, kabla Shamimu hajaona ni nini, Bibi anaita, "We mtoto, maji yamechemka yakaisha."

Asubuhi ya Ijumaa hii ndoto ilivunjwa na Revocatus, fundi umeme, ambaye mdomo wake unawaka hata umeme ukikatika. Alikuja kunywa chai. Akapuliza kikombe, akasema, "Afande wako kahamishiwa Igunga. Jumapili anapanda basi. Hujaambiwa?"

"Afande wangu nani?"

"Haya, afande wetu sote."

Shamimu alirudi jikoni. Neno lenyewe kumbe huenda ni kwaheri. Au si kwaheri. Na leo ndiyo Ijumaa ya mwisho, na kama mambo yatakwenda kama siku zote, Nurdini atangoja zamu yake, atakaa, atakula wali, simu italia, na neno litapanda basi la Igunga likiwa halijasemwa. Ndiyo maana akamvamia Bibi na habari za mkeka.

Bibi Zamda alifunua sufuria, mvuke ukamfunika uso wote, akasemea humo humo ndani ya wingu. "Jaribu leo. Ila nusu sinia sipakui. Watu wa dharura wawe wanne kama watu wengine."

Shamimu alikuwa ameshatoka mbio kutandika mkeka, hilo la wanne hakulisikia vizuri. Watu walipomiminika kutoka kwenye swala ya Ijumaa akatangaza kwa sauti ya chuoni kabisa kwamba mkeka wa mlangoni, kuanzia leo, ni wa watu wa dharura, zimamoto na kadhalika, watakaa kwanza na kupakuliwa kwanza. Hapo ndipo akili ikamrudia. Nurdini huja peke yake. Watatu wengine atawatoa wapi?

Hakupata tabu. Walijitoa wenyewe.

Wa kwanza kukaa alikuwa Mzee Sabiri, seremala, akakunja miguu kama mwenye nyumba. "Mimi natengeneza majeneza," alisema. "Nani hapa ana dharura ya kunizidi?"

"Mzee, wateja wako hawana haraka," Revocatus akamjibu, na yeye huyoo, kakaa. "Mimi umeme. Waya ukianguka mtaani, mtaniita mimi au mtamwita huyu?"

"Wakichelewa kukuita wewe, wataniita mimi," Mzee Sabiri akasema, na watu wakacheka mpaka wa kwenye foleni.

Wa tatu alikuwa Bundala, mfugaji wa Ziba aliyeleta ng'ombe mnadani. Akavua viatu, akakaa. "Njaa yangu imetoka Ziba giza bado," alisema. "Kama hiyo si dharura, basi niambieni ni sherehe."

Shamimu akawa anasema hapana, Mzee, hapana, kaka, si hivyo, na hakuna aliyemsikiliza. Na kweli, angewaambia nini? Kwenye foleni alikuwapo mwanamke mmoja anaitwa Leonia, katoka hospitali, mtoto wake kalazwa. Alikuwa amefunga kitenge kifuani na macho yake mekundu. Hakucheka na wenzake.

"Dada," alimwambia Shamimu, kwa upole tu, na huo upole ndio uliouma. "Mimi nimelala sakafuni chini ya kitanda cha mwanangu. Nimekuja kula ili nirudi nimshike. Mtu wa zimamoto akifika atanipita?"

 Chuoni Shamimu alisoma mambo mengi, ila jibu la swali hilo halikuwamo. "Yeye anaweza kuitwa wakati wowote, dada yangu."

"Na mimi nesi anaweza kunipigia wakati wowote."

Hapo hapo Nurdini akaingia. Kofia kwapani, buti zina matope yaliyokauka, na harufu ya moshi ikaingia naye kama mtu wa pili. Akasalimia, "Shikamoo, Bibi," Bibi akaitika marahaba kutoka jikoni, na Shamimu akamwonyesha mkeka. "Nafasi yako ile. Wewe hungoji leo."

Nurdini akautazama mkeka. Akaitazama foleni, macho yote yale. Akamwona Leonia.

"Siwezi," akasema. "Chakula cha kutazamwa mdomoni hakishuki. Dada huyu alikuwa mbele yangu."

 Shamimu akaliona sinia likienda kwa wengine, foleni ikisogea kidogokidogo, simu ikilia, basi la Igunga likifunga milango. Vyote aliviona polepole, kama vitu vinavyozama kwenye maji, na yeye hana mikono.

Leonia ndiye aliyesema. "Kaa, afande. Moto hausubiri, hata mimi najua." Akajitanda kitenge vizuri. "Nilitaka niulizwe tu."

Nurdini akamwinamia kidogo, kama mtu anavyomwinamia mama yake. Akakaa. Na Bibi Zamda, ambaye hakuna jambo linalompita hata akiwa amezungukwa na mvuke, alitoka na masinia mawili, moja mlangoni, jingine kwenye mkeka wa wanawake. Leonia na wenzake watatu wa kwenye foleni wakanawa saa ile ile.

Shamimu akammiminia Nurdini maji.  Maji yalipita kwenye vidole vyake taratibu, na hoteli nzima, kelele na vicheko na foleni, ikarudi nyuma kama kitu kilichoko ng'ambo ya pazia. Kisha wanne wakasema bismillahi, wakaanza.

Wali wa pembeni ukapungua. Bundala anakula kama anajenga, tonge juu ya tonge. Revocatus anakula huku anaongea. Mzee Sabiri anatafuna kwa heshima, hana haraka, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa sinia, na nyama ni yake kuigawa, Shamimu pale mlangoni alikuwa anamwombea meno. Nurdini alikuwa ameshachimba mpaka karibu. Ukingo wa rundo la nyama ulishaanza kumomonyoka upande wake, kipande kimoja kimeteleza kidogo, kimeng'aa mafuta. Hakukigusa.

Simu yake ikalia.

Aliisikiliza, akasema, "Nipitieni hapa," akaikata. Pori la upande wa mashamba ya tumbaku linawaka. Akaanza kunyanyuka, mkono mmoja umeshashika chini. "Wazee wangu, mniwie radhi."

Hakuna aliyeshangaa. Revocatus alishaanza kulitazama fungu lile.

Shamimu hakukumbuka baadaye alivukaje. Ilikuwa kama ile barabara ya ndoto yake, miguu haigusi kitu. Alijikuta amepiga magoti kwenye mkeka wa wanaume, mbele ya watu wote wa Ijumaa, mkono wake wa kulia uko katikati ya sinia. Akachagua kipande kizuri kuliko vyote. Akakiweka mbele ya Nurdini. Halafu, kwa kuwa maji yalishamwagika, akawagawia na wengine, Mzee Sabiri wa mwisho.

 Mtoto wa kike, kagawa nyama, mkubwa yupo. Bundala tonge limesimama njiani. Shamimu uso unamwaka, macho yako kwenye mkeka, na anajua kabisa kwamba mpaka magharibi habari hii itakuwa imeshafika kila nyumba ya Mtendeni, na kwamba kama neno la Nurdini ni kwaheri, yeye amejianika bure.

Mzee Sabiri akakitazama kipande chake. "Kidogo," akasema. Akakitia mdomoni. "Lakini posa iliyojibiwa kabla haijaletwa, mimi ndiyo naiona leo."

"Labda ni huduma kwa jamii," Revocatus akasema.

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya Bibi Zamda, kavu. "Mwacheni afande ale."

Nurdini akala. Alikaa tena chini, akala ile nyama bila haraka, kama mtu asiyeitwa popote, na Shamimu akawa anaangalia tu taya zake. Nje king'ora kilikuwa kinakuja, bado chembamba. Alipomaliza akaomba maji. Shamimu akaleta birika, maji yakawa yanaanguka huku na huku.

"Igunga ni kweli," Nurdini alisema chini chini. "Naenda Jumapili."

Shamimu akaitikia kwa kichwa. 

"Hilo ndilo lile neno?" akauliza.

"Hilo si neno, hiyo ni kazi. Neno lina watu wawili ndani yake." Gari lilishasimama mlangoni, mwanga mwekundu unazunguka kwenye ukuta, juu ya masinia, juu ya uso wa Bibi aliyekuwa amejitokeza na mfuniko mkononi. Nurdini akasimama, akavaa kofia. "Mimi na wewe. Ila sitaki kulisema nikiwa mguu mmoja nje. Kesho asubuhi nakuja na baba mdogo. Yeye ataongea na Bibi. Mimi nitakaa na wewe hapa hapa, nikuambie lote, kuanzia ile siku uliyoninywesha buti maji."