Ganda Lisilo na Baruti

Puh. Haukuwa mlio wa bastola. Ulikuwa mdogo, mkavu, kama wa mtu aliyepasua mfuko wa karatasi chumba cha pili.

Orrin Haugen hakusikia tofauti. Alikuwa na miaka themanini na moja, na masikio yalishamwacha mkono. Kidole chake kilikuwa kinavuta tena pale Joyce, msimamizi wa uwanja wa shabaha, alipomdaka kiwiko.

"Acha, mzee. Weka chini. Usiiguse."

Wazee wenzake, waliokutana hapo kila Alhamisi asubuhi, wakaweka silaha zao chini. Joyce akaifungua bastola, akamulika mtutu kwa tochi. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani, katikati. Risasi ya pili ingekigonga kwa nyuma, na chuma kingepasukia mkononi mwa Orrin.

"Hizi risasi katengeneza nani?" Joyce akauliza, ameshika kisanduku.

Alijua, kama walivyojua wote. Tangu alipostaafu kwenye ghala la ngano, Verlyn Stoltz ndiye aliyewajazia risasi. Walimpelekea maganda matupu kwenye makopo ya kahawa, naye akayasafisha, akaweka fataki mpya ya kuwasha baruti, akapima baruti kwa mizani, akakandamiza vichwa. Watu wa huko Dakota Kusini, Marekani, hawasifiani ovyo, lakini risasi za Verlyn walizisifu.

Verlyn, aliyesimama hapo hapo kati yao, alihisi shingo ikipata moto. Akafungua mdomo, na kilichotoka hakuwa amekipanga.

"Labda Orrin kachanganya na zile zake za zamani."

Wakamwamini papo hapo. Mwezi uliopita Orrin alikuwa ametoka na gari kwenda kulisha ng'ombe aliowauza miaka sita nyuma.

Orrin akatazama mikono yake, upande huu na upande ule. "Itakuwa mimi," alisema. "Siku hizi navuruga mambo. Unisamehe, Verlyn. Nusura nikuharibie jina."

"Usijali, bwana," Verlyn akajibu.

Orrin akaisukuma bastola kuelekea kwa Joyce. "Kaa nayo hii. Mpe mtu mwenye akili zake."

Nyumbani, Verlyn alishuka moja kwa moja kwenye chumba cha chini, kwenye meza yake ya kazi, bila kuvua koti. Alikuwa amekichukua kile kisanduku cha Orrin kwa kisingizio cha kukichunguza. Jumanne, wakati anajaza risasi zile, mtu wa vifurushi alibisha hodi, wakasimama mlangoni wakizungumzia theluji. Aliporudi aliendelea pale alipodhani ameishia.

Kulikuwa na desturi moja. Ukishatia baruti kwenye maganda hamsini yaliyosimama kwenye ubao wa matundu, unayamulika yote kwa taa, safu kwa safu, kuona kama baruti iko sawa, ndipo unaweka vichwa. Verlyn mwenyewe aliwafundisha wengine. Aliwahi kumfukuza mtu mezani pake kwa kuicheka. Lakini Jumanne hakumulika. Miaka thelathini taa ile haikuwahi kumwonyesha kosa, na kahawa ilikuwa inapoa.

Akachukua nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, akaanza kuzivunja zilizobaki, moja moja. Anagonga, kichwa kinatoka, anamwaga baruti kwenye mizani, anaandika. Sawa. Sawa. Sawa. Ya kumi na tisa ilimwaga baruti mara mbili ya kipimo.

Akaketi. Ganda moja aliliruka, na fataki peke yake ikakisukuma kichwa nusu tu ya mtutu; lingine akalijaza mara mbili. Hili la pili ndilo lingeivunjavunja bastola, na Orrin alikuwa amebakiza dakika chache tu kulifikia.

Angeweza kuimwaga baruti ile bustanini na mambo yakaisha. Aliliwaza jambo hilo muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Na hata hivyo kosa lenyewe silo lililomfanya ashindwe kula siku ile. Ni ule wepesi alioupata kifuani Orrin aliposema, "Itakuwa mimi."

Ijumaa mchana alikwenda kwa Orrin. Marlys, binti wa Orrin, akamfungulia.

"Umekuja wakati mzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeficha funguo za gari. Jumatatu nampeleka kuangalia makao ya wazee. Mengine nilivumilia, lakini hili la risasi limenimaliza."

"Hilo la risasi ni langu," Verlyn akasema.

Akayaeleza yote jikoni, amesimama, Orrin akiwa ameketi mezani. Ganda tupu, ganda la mara mbili, taa ambayo hakuiwasha.

"Kwa hiyo si mimi," Orrin akasema.

"Si wewe. Hukuchanganya kitu."

Orrin akacheka kidogo, akajipigapiga goti. Marlys hakucheka.

"Ulimwacha baba yangu aombe msamaha mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilishuku. Kabla hata sijafungua mdomo nilishashuku."

Marlys akageukia sufuria zake. Verlyn hakukaribishwa kahawa, na katika nyumba zile hilo halihitaji maelezo.

Kabla ya jioni alikuwa amempigia Joyce, kisha wazee wote wa Alhamisi, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia wasipige hata risasi moja aliyoitengeneza. Wengine walimwambia yanatokea. Joyce alisema tu, "Sawa, nimesikia," akakata simu.

Safari ya Marlys ya Jumatatu haikufutwa. Ilisogezwa wiki mbili.

Alhamisi iliyofuata Verlyn alipita kumchukua Orrin waende uwanjani, angalau wakakae na wenzao. Alimkuta mlangoni na ndara miguuni, hajavaa koti, macho chini.

"Siendi, Verlyn. Sina uso wa kukutana nao. Nilichanganya zile risasi, nusura nikuharibie jina. Unisamehe, ndugu yangu."

Verlyn akamtazama Marlys aliyekuwa nyuma ya baba yake, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Nimemwambia mara nne," Marlys alisema. "Uliyomwambia Ijumaa hayakumbuki. Anaamka na ile aibu tu."

Hakuondoka. Alisubiri.

Nje, gari lilikuwa bado linanguruma. Verlyn akavua kofia, akaingia, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya rafiki yake.

"Orrin, nisikilize. Ile Jumanne nilikuwa mezani kwangu, najaza maganda, mtu akabisha hodi..."

Orrin akainamisha kichwa karibu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.