Uzi wa Mwenye Kungoja

Kifuniko cha Punia kilianguka kwenye ubao wa simu, alama kuwa huko wanapiga, na Hadidja, mwunganisha simu wa Kindu, akajua, kabla hajachomeka kamba, kuwa ni habari ya bintiye.

"Allô, Kindu? Mama Hadidja, ni mimi Tambwe, infirmier ya zahanati. Zawadi iko na uchungu tangu jana. Mutoto amekingama. Nipe munganga, mbio!"

"Ungoje hapo hapo, baba. Usiweke simu chini."

Akapiga hospitali. Munganga yuko kwenye upasuaji, wakasema, wanakwenda kumwita. Basi Punia ingoje.

Kamba ishirini, zote za kijivu. Kwa miaka kumi na mmoja Hadidja hakuwahi kukosea, kwa kuwa kila kamba aliivisha uzi: kijani ya hospitali, nyeusi ya ofisi ya Kamishna, njano ya gari moshi. Uzi mwekundu ulihamahama. Aliufunga kwenye kamba ya mtu anayengoja, na kamba hiyo haichomolewi, hata aite nani.

Asubuhi hiyo mkuu mpya, Okito, suti yake ya abakosti imenyooka, nishani ya Chama kifuani, alizikata nyuzi zote kwa mkasi.

"Standard ya simu ya serikali hapana soko ya vitambaa, citoyenne. Kesho wakubwa wanakuja kutembelea."

Hadidja alimweleza kuwa kila uzi una kazi, hata wa kungoja, kisha akavitia vipande kwenye kikapu cha takataka. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, akapisha. Lakini alichukia, tena alichukia sana.

Sasa kifuniko cha Kamishna kikaanguka. "Lubutu, haraka!" Akamuunganisha. Kikaanguka cha gari moshi, kikafuata cha mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Kasuku aliyezoea kufoka. Mikono ikapishana, kamba zikapandana. Punia ya tatu, Lubutu ya nne, alijiambia. Punia ya tatu. Jasho likamwingia machoni.

Kamishna akamaliza. Hadidja akachomoa kamba ya Lubutu.

"Allô?" mtu wa Lubutu akaendelea kuuliza sikioni mwake. "Allô, Kindu?"

Akaitazama kamba iliyokuwa mkononi. Ilikuwa ya Punia.

Papo hapo hospitali ikaita. "Munganga hapa. Punia iko wapi?"

"Nimeikata," alisema Hadidja, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Munganga, nimemukata mutoto yangu."

Akachomeka upya, akazungusha mkono wa kengele. Kimya. Tambwe atadhani Kindu imemtupa. Atakuwa amekwisha kukimbia kurudi kwa mgonjwa, na kutoka posta ya Punia hadi zahanati ni mwendo wa kupanda kilima.

Okito alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alipiga magoti na suruali yake ya pasi mbele ya kikapu cha takataka, akaanza kupekua.

"Mama, ya kungoja njo gani?"

"Nyekundu."

Akaupata, akaufunga mwenyewe kwenye kamba ya hospitali, vibaya, mafundo matatu mahali pa moja, kisha akainamia kipaza sauti cha Hadidja.

"Munganga, usikate. Tafadhali sana, usikate."

Hadidja akazungusha kuita Punia, akasikiliza. Kifuniko cha Kamishna kikaanguka tena, na safari hii hakuna aliyekigusa. Akazungusha. Okito alikuwa bado ameushika uzi kwa vidole viwili.