Kizibao Namba Saba

…na kwa nini wafunge mdomo wa mfuko, ndilo alilokuwa akijiuliza tangu asubuhi, mfuko una mdomo ili mkono uingie na utoke, mfuko usio na mdomo ni jela, na yeye hajawahi kumshonea mtu jela ubavuni, lakini ndiyo hii sasa amepiga magoti kwenye zulia la watu, pini tatu kati ya midomo, sindano mkononi, na mbele yake mwanafunzi wa miwani ameinua mikono kama mwizi aliyekamatwa, amevaa kizibao, sampuli ya mwisho, na kile kidude kisichozidi kifungo cha koti kimelala mfukoni chini ya kwapa kikimsikiliza moyo, “Mama fundi, usinichome,” akasema Miwani, “mbavu zenyewe ndizo hizi tu,” naye akajibu “Mh,” maana mwenye pini mdomoni hana jibu jingine, na pengine ilikuwa heri, bila pini angekwisha sema, na yeye akianza kusema hana breki, aliwahi kumfukuza bibi harusi dukani siku mbili kabla ya harusi kwa sababu alimwambia ukweli kuhusu kiuno chake na bibi harusi hakuutaka… “ili kisipotee kwenye kufuliwa, mama,” ndivyo Kiongozi alivyomweleza jana, Kiongozi ni yule msichana anayeisemea timu, wanafunzi watatu wa chuo waliopangiwa kampuni hii ya kufungasha vifurushi wabuni kitu cha kuwafaa wafanyakazi mwili na moyo, timu nyingine zina kampuni zao, Ijumaa wote watasimama mbele ya waamuzi wa shindano, na hawa wamebuni kizibao kinachojua umechoka kabla wewe mwenyewe hujajua, kinakutikisa kidogo ubavuni, pumzika, kunywa maji, jambo zuri, nani atalikataa, hata yeye alifurahi walipokuja dukani kwake na michoro yao, ila uzuri wa nguo huutazami mbele, unaigeuza ukaitazama nyuma, hivyo ndivyo alivyojifunza kushona, hakuna aliyemfundisha, aliokota makoti mabovu akayafumua kwa wembe, mshono baada ya mshono, mpaka yakamwambia yote, na tangu hapo kitu asichokifumua hakiamini, na hiki kizibao amekishona yeye, lakini maneno yaliyokizunguka hajayafumua bado.

Huku juu mezani wanaongea, anasikia vipande tu, “…hatutumii majina kabisa, ni namba…” huyo Kiongozi, “…mtu yeyote hawezi kujua nani ni nani…” na yule afisa wa kampuni anaitikia mm, mm, kama anayeonja mchuzi, Afisa Ustawi, ndivyo kilivyoandikwa kibao cha mlangoni, mtu anayelipwa aangalie kama watu wana furaha, kazi gani hiyo, na mwenyewe kucheka hajui… choma, vuta, choma, vuta… namba, eti namba, lakini namba zile aliziweka nani kama si yeye, ni yeye aliyeketi na uzi mweupe akidarizi moja mpaka kumi kwenye kola za vizibao kumi vya majaribio, na ni yeye aliyewapima watu kumi wale katika stoo ya maboksi, wakiingia mmoja mmoja, na wa saba kuingia alikuwa mdogo wake mwenyewe, wa tumbo moja, anafungasha vifurushi hapo chini mwaka wa pili sasa, akaingia na uso mkavu kama hawajuani, kwa vile kampuni haipendi ndugu na ndugu, “Fundi, usinibane sana,” akasema kwa sauti ya wateja, msanii mkubwa yule, ilibaki kidogo acheke, lakini tepu ikazunguka kiuno na kicheko kikamkauka, vidole vinne zaidi ya gauni alilomshonea mwanzo wa mwaka, tepu haina adabu, akainua macho, na mdogo wake akamtazama tu, akanong'ona, “Dada, mpaka mwisho wa mwezi, nakuomba, usiseme,” maana mikataba ya pale ni ya miezi mitatu mitatu, mwisho wa mwezi wanapitia nani abaki, na wawili waliojulikana ni wajawazito kabla yake waliambiwa asanteni, hakuna aliyefukuzwa, hapana, ila mkataba haukuendelea, kwa ustaarabu kabisa, na mimba hii si mimba ya kubahatisha, ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, hii ndiyo hii… “Aa!” akaruka Miwani, “mama, hiyo ilikuwa nyama,” “Mh,” pole, mwanangu, pole, si wewe.

Na Alhamisi iliyopita mdogo wake akaja dukani akakaa kwenye kigoda bila kuvua mkoba begani, akasema, “Dada, wamenihamisha, niko chumba cha lebo, nakaa kitini kutwa, eti afisa kasema naonekana nimechoka,” akalisema kama habari njema, na yeye akaitazama habari njema hiyo nyuma, akaona nyuzi zinaning'inia, kwa sababu yule mjamzito wa kwanza naye aliwekwa chumba cha lebo, akakaa kitini wiki tatu, kisha asante… kwa hiyo kuna aliyesema, mtu kasema, siri ya watu wawili haitembei bila miguu, na leo amekuja hapa si kwa mfuko tu, amekuja kuitafuta hiyo miguu, atazame nyuso, Miwani huyu? huyu anajua mashine, mtu kwake ni waya wenye joto, hawezi kuuza siri kwa sababu hajui siri ni nini, Kiongozi? huyo ndiyo, anamcheka afisa hata pasipochekesha, amekwisha kuonyeshwa meza yake ya baadaye, wanasema akishinda Ijumaa kampuni inamchukua, mtu aliyeahidiwa meza atatoa namba, atatoa na jina, atatoa na la bibi yake… au yule wa tatu, Mpole, asiyetoa sauti, aliyekuwa mle stoo siku ile akishika taa ya simu, kimya, akiona kila kitu, tena asubuhi hii alimfuata mlangoni akaanza, “Mama, samahani, kuna kitu, ile karatasi…” naye akamkata, “Binti, ngoja, nina kazi, usiniletee karatasi,” na sasa hivi kakaa pembeni ya meza macho sakafuni, mtu safi hatazami sakafu, sakafu ina nini… huyu, ndiye huyu, wapole ndio wao, maji ya kimya.

“Tuwashe ukutani,” akasema Kiongozi, na ukutani pakatokea vitone kumi, kila kimoja na namba yake, tisa kijani na kimoja njano, hakuhitaji kusogea kukisoma, “kama unavyoona, bosi, saba moyo wake unakwenda haraka kuliko wenzake hata akiwa amekaa, siku kumi sasa, kizibao kimemwambia apumzike mara nyingi kuliko wote,” na afisa akaacha kuonja mchuzi, akasogeza kiti, “Hii saba,” akasema, “ndiyo ile tuliyokuwa tukiizungumza?” na Mpole akazidi kuinama… si ndiyo hiyo! tuliyokuwa tukiizungumza, nani na nani, lini, majina hatutumii ila saba tunaizungumza, damu ikampanda mpaka masikioni, moyo wake mwenyewe ukaenda mbio kushinda kitone chochote cha ukutani, sasa hivi, sasa hivi atazitema pini hizi kwenye zulia lao, atasimama, atawauliza mbele ya macho yao, mmemfanya nini namba saba, semeni hapa hapa, yeye ni mtu wa waziwazi, maisha yake yote hajamzunguka mtu, akishona vibaya anasema nimeshona vibaya, na wao waseme, goti moja likainuka, ulimi ukagusa pini ya kwanza kuisukuma nje, na ilipofika hapo, kwa vile goti limeinuka na kichwa kimefika usawa wa meza, akaona kilichokuwa chini ya kiganja cha afisa.

Karatasi ya daftari, mistari ya bluu, na mwandiko… mwandiko ule mkubwa uliolala upande kama ng'ombe mchovu, nani mwingine anaandika tano kama ndoano, nani mwingine anaandika *kiono* badala ya kiuno kwa sababu hakukaa darasani miaka ya kutosha, ni karatasi yake, ile aliyoiandika ya kununulia kitambaa, mabega, kifua, kiuno, na pembeni ya kila namba nafasi ya kuacha kwenye mshono, moja, kidole kimoja, mbili, kidole kimoja, tatu, kidole kimoja, na kwenye saba, bila kufikiri, kwa mkono tu, kama ambavyo fundi yeyote angemwandikia mwanamke yeyote wa hali ile, *vidole vinne pembeni, ya kuja kufungua*, na mtu kapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu… akaliteremsha goti polepole… ya kuja kufungua, mama yangu, hata mtoto angeelewa, nguo inayoachiwa vidole vinne inamngoja mtu wa pili, na aliitoa mwenyewe, aliwapa wanafunzi pamoja na vipande vya sampuli, shikeni, nunueni kitambaa, na Mpole akaiweka kwenye faili na nyingine zote, faili likafika kwa afisa, na leo asubuhi alikuja kumwambia, mama, ile karatasi, naye akamfunga mdomo mtoto wa watu kwa hasira zake zisizokuwa na likizo… anayezungumza waziwazi, eh, mtu wa waziwazi ndiye huyu, ulimi ameuzuia wiki tatu, mkono ukasema siku ya kwanza, waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakusema kwamba aliyekitia humo huwa ni fundi… na mdogo wake kitini huko chini, anabandika lebo, anaamini dada hajamwambia mtu.

Choma, vuta… tulia, tulia wewe mwanamke, fumua kwanza… afisa amepiga mstari, lakini mtu huipigia mstari sentensi asiyoielewa, akiielewa hahitaji mstari, anaikunja tu anaitia mfukoni, na kama angekuwa na hakika asingeuliza hii ndiyo ile, kwa hiyo ana shaka tu, na wasiwasi si ushahidi… na akisimama sasa apige kelele, atakuwa amemmalizia shaka yake, atamwambia kwa mdomo alichoandika kwa mkono… basi vidole vinne… kwa nini nguo iachiwe vidole vinne? kwa sababu pamba inarudi, inasinyaa, ikifuliwa, hilo ni kweli, kila fundi analijua, kwa nini saba peke yake? kwa sababu alianza na saba, kujaribu… hilo si kweli, na yeye hadanganyi, hajawahi kumwambia mteja kesho akimaanisha keshokutwa… lakini vizibao vyote kumi vinarudi kwake leo vifungwe mifuko, na vingine ishirini vipya walivyoagiza havijakatwa, na kitambaa kipo, na wembe upo, akifumua pembeni mwa vile tisa vilivyobaki akaunga kipande, akaacha vidole vinne kila kimoja, na cha Miwani huyu pia, asiye na mbavu wala mimba, basi alianza na saba, leo ni uongo, kufikia Ijumaa ni kweli tupu, mtu yeyote aje na tepu apime… na mfuko huu hataukaza kwa fundo, atapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, ya uzi mmoja, anayekivaa kizibao akiuvuta kwa kidole mdomo unafunguka wote, na uzi huo atamwonyesha mtu mmoja kwanza, leo, akitoka hapa, na amwambie na lile la karatasi, hilo ndilo gumu, kumwambia dada amesema… kisha Mpole, amwombe radhi Mpole… akageuza macho kidogo, na binti yule alikuwa ameinua uso, anamtazama yeye, machozi karibu, naye akamtikisia kichwa, kidogo sana, kama mtu anayesawazisha uzi.

“Mama, bado?” akauliza Miwani, “mabega yamekufa,” na juu mezani karatasi ya daftari ikakwaruza ubao, kiti kikageuka, “Mama fundi,” ikasema sauti ya afisa, taratibu, kwa heshima, “hebu samahani kidogo,” naye hakuinua kichwa, akanyoosha mkono kwenye kimto cha pini, akachomoa ya nne, akaitia mdomoni kando ya zile tatu, akazibana.

“Mh,” akajibu, akaendelea kushona.