Kapasita Tatu za Marehemu

Amplifaya ile ya gitaa ilikuwa na sauti ya msumari unaokwaruza sufuria. Mumewe alipokuwa hai, mshonaji aliivumilia kwa kusonya na kuziba masikio. Sasa binti yao ndiye aliyeshika gitaa, na mama mtu amefika mwisho. Akaibeba mwenyewe, na uzito wake wote, hadi kwa fundi redio aliyekuwa rafiki wa marehemu.

“Shemeji, nitulizie hili dude,” alisema. “Likikataa, livunje.”

Fundi akachomoa valvu, zile taa za kioo zinazoipa sauti nguvu, akazipima moja moja. Zote nzima. Spika nayo nzima. Akaipindua amplifaya, akafungua kifuniko cha chini, akavuta taa karibu.

Mshonaji naye alikuwa na lake moyoni. Miezi saba lilikuwa likimla. Asubuhi ya siku aliyokufa mumewe waligombana, au tuseme aligombana peke yake, maana mume alijibu “sawa, sawa” kwa kila kitu, kama alivyokuwa akijibu kwa miaka miwili. Alipoinama kufunga viatu, mke akasema nyuma ya mgongo wake, “Nenda, na usirudi.” Ulimi hauna mfupa. Kabla mume hajafika getini, majuto yalishamshika, akafungua dirisha akaita, “Mwenzangu, rudi! Nisamehe!” Mume hakugeuka. Saa moja baadaye, kwenye uwanja wa kiwanda cha mbao alikofanya kazi, lori lilimrudia kinyumenyume, likamuua. Kengele yake ya kurudi nyuma ilikuwa ikilia pi-pi-pi na kila mtu aliisikia. Walimwengu hawana dogo: msibani walinong'ona kwamba alisikia, akasimama tu. Mjane aliwaamini. Alijua ni nani aliyemsukuma.

“Njoo uone,” fundi akasema.

Penye kitufe cha sauti palikuwa na kapasita tatu ndogo kama punje za maharage, zimeshikizwa kwa lehemu moja juu ya nyingine.

“Hizi zinazidisha sauti nyembamba. Moja inakera. Mbili, jirani anahama. Huyu kaweka tatu!”

“Nani?”

“Mwenyewe. Si mwandiko wake huu?”

Kando ya kila kapasita palikuwa na tarehe ya penseli. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka aliohamishiwa kwenye msumeno mkubwa. Ya mwisho ilikuwa ya wiki tano kabla ya kifo.

“Alikuwa anatukomoa?”

“Hapana, shemeji. Mtu haongezi kitu anachokisikia.” Fundi alikuna kidevu. “Ule msumeno ulikuwa unamla masikio. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Kila alipoongeza kapasita, kwake amplifaya ililia vizuri kama zamani.”

“Na kengele ya lori?”

“Ni nyembamba ile,” akajibu bila kumtazama.

Mshonaji akakaa kwenye kigoda. Furaha ilimjia kwanza, tena bila haya: kumbe hakujiua!

“Na mtu akisema kitu nyuma yake? Mwanamke, kwa sauti ya kawaida?”

“Asingeambulia neno.”

Akacheka huku machozi yanamtoka. Maneno yake mabaya yalikuwa yameangukia sakafuni, hayakumfikia mtu. Alivuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu siku ya maziko.

“Nizitoe?” fundi akauliza, pasi ya lehemu mkononi.

“Zitoe. Mtoto ana masikio yake.”

Moshi mwembamba ukapanda mara tatu. Fundi akarudisha valvu, akasubiri ziwake, akachomeka gitaa, akagusa waya mmoja. Sauti ikatoka laini na ya joto, ileile ambayo mumewe alimposea. Ndipo mshonaji akakumbuka dirisha.

Mumewe hakukataa kumsamehe. Angemsikia, angerudi. Angerudi hata kwa kununa, hata kwa kikombe kimoja cha chai, na lori lingerudi nyuma kwenye uwanja mtupu.

“Na akiitwa?” alisema polepole. “Yuko getini, anaitwa kutoka dirishani, kwa nguvu?”

Fundi alikuwa akikaza skrubu za kifuniko. Alitabasamu, akidhani bado anamfariji.

“Hata hilo, shemeji. Asingelisikia.”