Mkia Husubiri Getini

Watu wanaokuja kutembea msituni na watoto wao huja na viatu vyeupe. Sijui nani aliwadanganya. Nawaambia kwenye simu kwamba kuna tope, kuna mbigili, na pale tunapokatiza shamba la mahindi kuna mavi ya ng'ombe. Wanajibu sawa, sawa, halafu Jumamosi asubuhi wanashuka kwenye magari wamevaa kama wanaokwenda harusini.

Asubuhi ile walikuja wengi kuliko kawaida, kwa sababu tulikuwa hatujatembeza watu tangu mume wangu afe. Wengine walikuja kwa huruma, nami huruma ya watu hunikera. Mwalimu wa chekechea, aliyekuja na watoto wake pacha, alinishika mkono akaniuliza kama niko tayari. Nikamwambia niko tayari tangu jana. Uongo mtupu. Nilikuwa nimejikaza kisabuni tu.

Kazi yetu ina utaratibu wake. Mimi natangulia. Nyuma ya watu wote anakuja mkia, na nyuma ya mkia habaki mtu. Kila tukifika kona napaza sauti, "Mkia!" naye anajibu kwa kipenga, ndipo tunasonga. Tukirudi, mkia anasimama nje ya geti mpaka nione kila mzazi kamshika mwanawe. Kisha namgeukia na kuita, "Tumetimia!" Hapo ndipo anaingia nami nafunga mnyororo. Kabla ya neno hilo haketi wala hanywi maji, hata kama mvua inamnyeshea.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mkia, na kwa jambo hilo alikuwa king'ang'anizi wa kuchekesha. Hata nyumbani, akishafunga milango na kuzima taa, alikuwa anasimama miguu peku kwenye mlango wa chumba, anasubiri. "Tumetimia, bwana, njoo ulale," nilikuwa namwambia, mara nyingine kwa ukali, usingizi umenijaa. Ndipo anapanda kitandani.

Alifia kazini. Moyo ulisimama karibu na daraja la mbao, akakaa chini, akaegemea mti, kipenga mdomoni. Niliita, kimya. Tulimtoa kwa lori kupitia barabara ya magogo, upande wa pili wa msitu, kwa hiyo getini hakupita. Mama yake alitaka azikwe na kipenga chake, na tukamzika nacho.

Sasa mkia alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, mtu mnene mwenye roho nzuri na pumzi fupi. Alikuwa amenunua kipenga cha plastiki kinacholia kama bata. Mama mkwe alibaki getini kuandaa chai ya watu. Binti yangu nilimweka karibu nami mbele. Baba yake alimwita Mchwa, maana tangu aote meno hakuna kitu ndani ya nyumba alichoacha kukitafuna, pamoja na mguu wa meza.

Kona ya kwanza niliita, bata akalia, watoto wakacheka. Tukaingia kwenye misonobari. Huko ukungu huchelewa kuondoka, na majani membamba kama sindano yaliyoanguka chini hunyamazisha miguu yote, hata ya watu wanaobishana. Kona ya pili nikaita tena, "Mkia!"

Bata akalia. Kisha, mbali sana nyuma yake, kikalia kipenga kingine. Mara mbili fupi, mara moja ndefu, na ule mlio mrefu ukashuka mwishoni kama mpulizaji kachoka.

Ndivyo alivyokuwa akipuliza mume wangu. Hakuna aliyegeuka. Mwalimu alikuwa anawaonyesha pacha wake uyoga. Nami sikuogopa. Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha. Nikaanza kuita hata mahali pasipo na kona, na kila nilipoita nilitega sikio, nikimngoja bata anyamaze ili nimsikie mume wangu.

Ndiyo maana sikuona. Tulipofika kwenye daraja nikaanza kuwavusha watoto mmoja mmoja kwa mkono, na mkono wa Mchwa haukufika. Shemeji akatokea, jasho linamtiririka.

"Mchwa yuko wapi?" nikamuuliza.

"Si yuko huko mbele na wewe?"

"Hayuko."

"Nyuma yangu hamna mtu, shemeji. Mkia si ni mimi?"

Nilimwachia yeye na mwalimu watu wote, nikarudi mbio. Niliita jina la mwanangu mpaka sauti ikakwaruza. Msitu kimya, hata ndege. Nikasimama katikati ya njia, halafu mdomo wenyewe ukaita neno ulilolizoea.

"Mkia!"

Kipenga kikajibu upande wa kulia, nje kabisa ya njia yetu. Upande huo kuna machimbo ya zamani ya mawe, shimo kubwa lililojaa maji ya kijani, na ndiyo maana njia yetu inalikwepa. Nilipita kwenye miiba bila kuisikia.

Mchwa alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwenye ukingo. Alikuwa anatazama ng'ambo ya maji, kwenye ukungu, amekunja uso kama mtu anayebishiwa.

"Usisogee," nikasema taratibu. "Mama yuko hapa."

"Mama, hataki kuja."

"Nani?"

"Baba. Bibi alisema baba hajafa, yuko kazini, anatembea nyuma ya watu. Nikajificha kwenye mti mpaka wote wakapita, hata baba mdogo, ili niwe wa mwisho. Nikamwona. Lakini nikimfuata, anarudi nyuma. Nikimfuata tena, anarudi tena. Ananionyesha tu kwa mkono nirudi kwenu."

Nilimshika, nikamvuta kifuani. Nikatazama ng'ambo. Sikuona mtu, niliona miti na ukungu. Lakini nilimjua mume wangu. Hata siku moja hangekubali mtu abaki nyuma yake. Mtoto angeendelea kumfuata, naye angeendelea kurudi nyuma, mpaka mtoto aingie majini.

Hasira dhidi ya mama mkwe ilinipanda, ikashuka. Hata mimi nilikuwa nimeshindwa kumwambia mtoto. Nikachuchumaa tukatazamana.

"Baba amekufa, mwanangu. Bibi alishindwa kukwambia, na mimi pia."

"Mbona yuko pale?"

"Kwa sababu siku ile hakuna aliyemwambia tumetimia. Anasubiri."

Akafikiri. "Ukimwambia, Jumamosi ijayo atakuwepo?"

"Hapana."

Akalia, kilio cha kimya, cha mabega. Nikambeba mgongoni mpaka darajani, nikawageuza watu wote turudi. Njia nzima ya kurudi sikuita hata mara moja, ila kila kona kipenga kililia chenyewe nyuma ya shemeji, mbili fupi na moja ndefu. Na kila kilipolia nilijiambia, nimwache tu. Nani ataumia? Nitakuwa namsikia kila wiki. Kisha nikahisi joto la Mchwa mgongoni, na tope la machimbo kwenye viatu vyake.

Getini mama mkwe alikuwa anamimina chai. Wazazi waliingia, kila mmoja na mwanawe, viatu vyeupe vimekuwa vya udongo. Mchwa akashuka mgongoni mwangu, akaenda kusimama mbele ya bibi yake.

"Bibi, baba amekufa," akasema.

Mama mkwe akaweka birika chini. "Ndiyo, mjukuu wangu," akasema, akamkumbatia, na hapo ndipo nilipomsikia mama huyo akilia kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Shemeji alikuwa amesimama nje, pumzi juu juu, anangoja neno. Nikashika mnyororo, nikauinua. Nilimtazama, kisha nikatazama nyuma yake, kwenye njia tupu na ukungu wake. Watu walianza kunitazama. Mchwa akaja akanishika sketi.

"Mwambie, mama. Amechoka."

"Tumetimia," nikasema. Ikatoka kama pumzi. Nikarudia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia. "Tumetimia, bwana. Njoo ulale."

Shemeji akainama, akapita chini ya mnyororo, akaenda moja kwa moja kwenye maji ya kunywa. Mimi nikaendelea kuuinua mnyororo, wala sikuwa na nguvu ya kuushusha. Upepo baridi ukanipitia kifuani, wenye harufu ya misonobari.

Mchwa aligeuza kichwa taratibu, kutoka njiani mpaka ndani ya geti, kama anayemsindikiza mtu kwa macho.

"Ameshapita, mama," akasema. "Funga."