Mbuzi wa Nadhiri

Alisi aliahidi mwenyewe, tena kwa sauti. Hakuna aliyemlazimisha. Siku hiyo wanawake wa Kyondo walikuwa kanisani wakiombeana. Akasimama katikati yao, akasema Mungu akimpa mjukuu kwa Evas, binti yake wa pekee ambaye mimba zilikuwa zikimharibikia, atamletea mbuzi, beberu mzima, si vifaranga vya kukohoa kama vya watu fulani. Wakacheka, wakasema amina. Na huko milimani, ukishasema mbele ya kanisa umesema. Hata mtoto wa jirani atakuuliza mbuzi amefika wapi.

Mbuzi akanunuliwa, akalishwa maganda ya ndizi na majani ya viazi, akanenepa mpaka akaota kiburi. Tumbo la Evas nalo likakua salama.

Mjukuu akaja, msichana mzima mwenye sauti ya kuamsha kilima. Lakini kule hospitalini Bwera damu ya Evas ilikataa kukoma. Alisi aliteremka na nguo za kichanga, akapanda na maiti ya mwanawe. Mdomo huponza kichwa, husema watu. Yeye alijiambia wake umemponza mtoto. Aliomba mjukuu, hakumtaja mama wa mjukuu. Nani angejua kwamba Mungu ni wa kutajiwa kila kitu?

Mkwewe Anselme, mume wa Evas, mtu wa Butembo ng'ambo ya mpaka, Kongo, auzaye vitenge sokoni Mpondwe, alikaa matanga yote kimya. Jumamosi alipomkuta mama mkwe akimwosha mbuzi, akashindwa kuvumilia.

"Mama, unapeleka wapi ile mbuzi?"

"Kanisani. Kesho ni siku ya shukrani."

"Shukrani ya nini? Bibi yangu Evas iko mu udongo! Mungu gani anabadilishaka mutu na mutu?"

"Nilisema mbele ya watu yote, Anselme. Nikinyamaza, yeye akasirike, achukue hata huyu mutoto?"

Hapo ndipo alipokuwa amebanwa. Akimpeleka mbuzi, ataonekana anashukuru kifo cha Evas. Asipompeleka, anahatarisha kichanga. Anselme aligeuka akaenda zake bila kuaga.

Zedekia, mwalimu wa kanisa, naye akapita jioni. "Mama Evas, kanisa haidai kitu. Mbuzi ikae."

"Mwalimu, mimi sikuahidi kanisa."

Desturi yao ni kwamba mwenye shukrani akiitwa, ndugu na marafiki huinuka nyuma yake, wakiimba na kucheza, wamebeba ndizi na kahawa mpaka mbele. Kwenda peke yako ni aibu ya mtu asiye na watu. Jumapili Zedekia alimwita Alisi kwa sauti ndogo. Akainuka, kichanga mgongoni, kamba mkononi. Hakuna aliyemfuata. Haukuwa ubaya, hawakujua waimbe nini, wimbo wa shukrani au wa mazishi. Kwato za beberu zikasikika peke yake kwenye saruji.

Katikati ya njia beberu akagoma. Alisi akavuta, akayumba. Mkono ukapokea kamba. Alikuwa Anselme, Mkatoliki ambaye hajawahi kukanyaga kanisa lile.

"Leta kamba, mama. Utaanguka na mutoto."

Wakaenda wawili. Nyuma yao benchi zikalia, mwanamke mmoja, kisha wengine, wote wakainuka wakawafuata bila wimbo.

Mbele, Alisi hakuwageukia watu.

"Bwana, nilikuomba mutoto, ukanipa. Mbuzi yako ndiyo hii. Asante." Akamweka sawa mtoto mgongoni. "Ya Evas sikushukuru. Hiyo bado, siwezi. Lakini huyu usiguse."

Zedekia, ambaye kwa amina hajawahi kutanguliwa na mtu, safari hii alitanguliwa. Ni Anselme aliyeitikia, tena kwa shida.

Kichanga kikaamka na njaa yake, kikalia. Ithungu, jirani mwenye mtoto wa kunyonya, akanyoosha mikono, akampokea, akampa ziwa palepale. Alisi alisimama akitazama shavu dogo likivuta. Tangu mazishi hakutoa chozi hata moja, kwa kuogopa Mungu asije akamhesabu kuwa hana shukrani. Sasa alikuwa ameshatimiza neno lake. Akaketi chini kwenye saruji, akavua kitambaa cha kichwa, akamlilia mwanawe.