Miguu Minne Juu ya Boriti

Baba yangu alikuwa hajawahi kutengeneza meza ya kuwekea tangi la maji. Yeye ni fundi vitanda. Karakana yake iko Jang'ombe, ubavuni mwa nyumba yetu, na vitanda vyake ni vya besera, vile virefu vya miguu ya kukerezwa ambavyo mtu mfupi anapanda kwa kigoda. Lakini siku hizi watu wananunua vitanda vinavyokuja kwenye boksi, unafunga skrubu mwenyewe. Kwa hivyo Bwana Yusufali alipotoka Mji Mkongwe akaja kuagiza kazi, Baba aliitikia kabla mwenzake hajamaliza kueleza.

Bwana Yusufali alikuwa akipenda sana kuzamia kutazama matumbawe. Sasa magoti yamemkataa. Akasema kama yeye hawezi kuyafuata matumbawe, basi yatamfuata yeye sebuleni. Kanunua tangi la kioo la lita mia nne, na vipande vya matumbawe kaagiza Dar kwa mtu anayevikuza mwenyewe. Alichokosa ni meza tu.

"Nataka kitu kizuri, Fundi Masoud," akamwambia Baba. "Wageni watakiona."

Baba alisikia hilo neno "kizuri", basi, mengine yote yakampita. Siku kumi na mbili akakereza miguu minne ya mvule, kila mguu una mapete matatu na shina la maua limeuzunguka. Mimi nlikuwa nasugua msasa. Zamani alikuwa anaimba akifanya kazi, halafu akaacha. Siku zile akaimba tena.

Jumamosi tukaipeleka. Nyumba ya Bwana Yusufali ni ya ghorofa. Chini ni duka la mkewe, Bi Nurbanu, anayeshona mabuibui. Juu ndiyo sebule, na sakafu yake ni mawe na chokaa juu ya boriti. Sisi kwetu hatuna juu wala chini, ukikanyaga umekanyaga ardhi.

Kazi ya mabomba alipewa Ami Jaku, rafiki wa Baba, mtu asiyeweza kufunga koki bila kutia neno. Alikuwa keshagundisha paipu zake: moja inashusha maji kutoka tangi kubwa mpaka tangi dogo chini ya meza, yanachujwa mle, halafu pampu inayarudisha juu.

"Maji haya kama mama mkwe wangu," akasema. "Mara juu, mara chini, na kelele juu yake. Wanu! Mbona hucheki? Masoud, huyu mtoto ana ulimi kweli, au ulimpata hivi hivi?"

Nkainama. Watu wakinitazama wote pamoja, maneno yananipotea.

"Mwache mwanangu," Baba akasema. "Anasikiliza. Wewe ndiye huwezi."

Tulitaka kulijaza tangi kwanza kwa maji ya bomba, tuone kama paipu zinavuja. Lakini maji ya mji hayapandi mpaka juu. Ikabidi yapandishwe kwa madumu kutoka bomba la uani, nyuma ya duka. Hiyo kazi naijua, kwetu naifanya kila siku. Nkasokota mtandio wangu wa zamani nkafanya kata, nkaiweka kichwani, nkajitwika dumu la lita ishirini.

Madumu manane yakaingia. Baba alikuwa amesimama mbali kidogo, kichwa upande, anaitazama meza yake. Bwana Yusufali akasema, "Mashaallah, fundi, hii si meza, hii bibi harusi." Baba akawa hajui mikono yake aiweke wapi.

Nkashuka kuchukua la tisa. Bi Nurbanu alikuwa kwenye cherehani, na kwenye kile kitambaa cheusi pameanguka unga mweupe. Akaupuliza.

"Nyumba hii nayo!" akasema. "Kila siku inanitilia unga kama nnapika maandazi."

Nkatazama juu. Unga ulikuwa unatoka pahala pamoja tu, pembeni mwa boriti moja, na chokaa hapo imefanya ufa mpya, mweupe. Nkahesabu boriti kwa vidole kutoka ukutani, nione meza imekaa juu ya ipi. Ile miguu miwili ya mbele ilikuwa imesimama juu ya boriti hiyo hiyo moja.

Nkajitwika dumu. Kwenye ngazi nkasimama. Madumu ishirini, kila moja kilo ishirini. Mimi dumu moja tu bila kata linanitoboa utosi. Na juu kule madumu manane yamesimama kwenye miguu minne myembamba, bado kumi na mbili, na chini yake kakaa mtu anashona.

Lakini nkisema, ntamwambia nani? Ntasema mbele ya Bwana Yusufali kwamba Baba kakosea? Siku ambayo kaitwa fundi na mtu wa mjini? Nkaona bora dumu linivunje shingo. Halafu nkaona kile kichwa cha Bi Nurbanu kimeinama kwenye cherehani.

Nkapanda mpaka mlangoni. "Baba," nkasema.

"Lete."

"Baba, njoo unitue."

Akashangaa, maana mimi hujitua mwenyewe. Akaja. Alipolishika dumu nkamwambia pole pole sikioni, "Baba, meza haina kata."

"Nini?"

"Haina kata. Uzito wote umekaa kwenye ncha. Chini kuna ufa, chokaa inamwangukia Bi Nurbanu."

Aliangalia mtandio uliosokotwa kichwani mwangu. Halafu akashuka ngazi, nkamsikia anasema, "Bi Nurbanu, samahani, hebu nyanyuka hapo kidogo. Njoo ukae huku mlangoni." Alikaa kule muda. Aliporudi, viganja vyake vilikuwa vyeupe.

"Bwana Yusufali," akasema, "maji yatoke. Nimekosea. Nimekufanyia kitanda."

Ami Jaku akashika dumu tupu. Bwana Yusufali aliuliza kuna nini, akaelezwa, akakaa kitako. Tulitoa maji dumu baada ya dumu, mpaka la mwisho.

Jumatatu nliporudi kutoka skuli nlimkuta Baba anakata ile miguu kwa msumeno. Nkasimama mlangoni nsijue niseme nini. Akanambia, "Shika huku," nkashika, akakata. Hakuimba.

Jumamosi nyengine tukarudi na kitu kingine kabisa: sanduku pana la mbao, halina urembo, limelala juu ya magogo mawili marefu yanayokatiza boriti saba. Baba alizihesabu kutoka chini, akapiga alama kwa chaki, akalisogeza mpaka kwenye ukuta mnene. Boriti iliyoumia aliiwekea nguzo dukani. Tukajaza nusu, tukangoja mpaka wanaume wakarudi kutoka kusali alasiri. Mimi na Bi Nurbanu tulikuwa tunatazama dari kama watu wanaongojea mwezi. Haikuanguka hata punje ya chokaa.

Tukajaza lote. Ami Jaku akawasha pampu. Maji yakashuka, yakachujwa, yakapanda, na paipu hazikutoa tone.

"Baya, lakini limekaa," Bwana Yusufali akasema, akacheka. "Fundi, ungenyamaza siku ile, mke wangu angekuwa chini ya kifusi. Una jicho."

"Jicho na nusu!" Ami Jaku akadakia.

Mimi nlikuwa nyuma ya mlango nakunja matambara. Nkaomba Baba aseme ahsante tu, mambo yaishe, sote tuende kwetu.

"Si jicho langu," Baba akasema. "Mimi nlikuwa natazama maua. Aliyeona ni Wanu."

Nkawasikia wanageuka, pampu inanong'ona.

"Wanu!" Bi Nurbanu akaita. "Mwanangu, uko wapi?"

Nkashika matambara kifuani.

"Naam," nkasema, nkatoka.